Difu ya Zamani, Giaboksi ya Mtumba: Gia, Torki na Mwendo wa Gari

Mada zinazoguswa: mashine, momenti ya kani, mwendo, nishati mwendo.

Baada ya kusoma sura hii, mtahiniwa utaweza:
(a) kueleza kazi ya difu na namna inavyogawa mizunguko na torki kwa magurudumu mawili;
(b) kukokotoa uwiano wa gia kwa kutumia idadi ya meno;
(c) kueleza kwa hesabu kinachotokea gari likiwekewa gia yenye uwiano usio wake;
(d) kueleza kwa nini baadhi ya gia hubadilishwa kwa jozi tu.

Mtihani wa fizikia utakuja kwa Kiingereza. Hata hivyo, jambo ukishalielewa kwa lugha unayoiota usiku, kuliandika kwa lugha ya mtihani ni hatua ndogo. Soma kwanza uelewe, kisha rudia hesabu zote kwa mkono wako mwenyewe.

1. Tatizo lenyewe

Tuseme mtu ana gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Giaboksi yake ya otomatiki imeungua klachi. Anakwenda kwenye maduka ya spea, kama yale ya Gerezani jijini Dar es Salaam, ananunua giaboksi ya mtumba iliyotoka Japani. Kwa nje giaboksi mbili zinafanana kama mapacha: matundu ya bolti yaleyale, umbo lilelile. Lakini ile ya mtumba ilitoka kwenye gari lenye injini kubwa zaidi, na gia zake za mwisho zina meno tofauti.

Fundi anamwambia, "Usijali mzee. Difu yako ya zamani ni nzima. Nitaitoa niiweke humu ndani, kazi imekwisha."

Je, fundi yuko sahihi? Kama si sahihi, nini kitatokea? Mwenye gari ametoa akiba yake na hana fedha ya kununua giaboksi ya pili. Jibu halihitaji ramli. Linahitaji kuhesabu meno na kujua kanuni tatu au nne ulizokwisha kuzisoma darasani.

2. Kilichomo ndani ya giaboksi ya otomatiki

Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi na difu hukaa ndani ya ganda moja. Nguvu ya injini hupita katika sehemu hizi kwa mpangilio:

(i) Toki konveta. Hii huunganisha injini na giaboksi kwa kutumia mafuta yanayozunguka badala ya klachi ya kukanyaga. Gari linapoondoka, huongeza torki pia.

(ii) Gia zenyewe na klachi za mafuta. Presha ya mafuta hufunga klachi hii na kuachia ile, na hivyo gia hubadilika bila dereva kushika chochote.

(iii) Pinioni. Ni gia ndogo inayotoa nguvu kwenye giaboksi.

(iv) Krauni. Ni gia kubwa inayosukumwa na pinioni. Krauni hufungwa kwenye kikombe cha difu, mara nyingi kwa bolti.

(v) Difu. Ndani ya kikombe chake kuna gia ndogo zinazozunguka kwenye pini, na gia mbili za pembeni zinazoshika ekseli ya kushoto na ya kulia.

Difu ni ya zamani kuliko giaboksi ya otomatiki. Fundi saa Mfaransa, Onésiphore Pecqueur, aliibuni kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820. Giaboksi kamili ya otomatiki iliyotengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, iliingia sokoni na magari ya Oldsmobile ya toleo la mwaka 1940. Kwa hiyo, unapofungua giaboksi ya leo, unakuta fikra za karne mbili zikizunguka katika mafuta mamoja.

3. Kwa nini gari linahitaji difu

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani.

Mfano wa 1. Gari linakata kona ya nyuzi 90. Gurudumu la ndani linafuata tao lenye nusukipenyo cha m 5, na la nje tao lenye nusukipenyo cha m 6.5. Tafuta tofauti ya umbali. (Tumia pai = 3.14.)

Suluhisho:
Nyuzi 90 ni robo ya duara, hivyo umbali = (2 × 3.14 × r) ÷ 4 = 1.57 × r.
Gurudumu la ndani: 1.57 × 5 = m 7.85.
Gurudumu la nje: 1.57 × 6.5 = m 10.205.
Tofauti = m 2.355.

Kama magurudumu yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburutwa zaidi ya mita mbili kwa kila kona. Tairi zingelika haraka, usukani ungekuwa mzito na ekseli zingeweza kukatika. Difu huondoa tatizo hilo kwa kuruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine.

Kanuni ya kwanza ya difu: mzunguko wa krauni ni wastani wa mizunguko ya magurudumu mawili.

N ya krauni = (N ya kushoto + N ya kulia) ÷ 2

Mfano wa 2. Krauni inazunguka mara 400 kwa dakika. Gurudumu la ndani linazunguka mara 360 kwa dakika. Tafuta mzunguko wa gurudumu la nje.

Suluhisho: 400 = (360 + N) ÷ 2, hivyo 800 = 360 + N, na N = 440 kwa dakika.

Angalia: mizunguko 40 iliyopungua ndani ndiyo iliyoongezeka nje. Difu haitengenezi mizunguko mipya.

Kanuni ya pili ya difu: difu ya kawaida hugawa torki sawasawa kwa magurudumu yote mawili, hata kama mizunguko yake si sawa.

Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza. Chukua gari lililokwama. Gurudumu la kushoto liko kwenye tope, la kulia liko pakavu. Tope haliwezi kupinga zaidi ya torki ndogo, tuseme N m 60. Kwa kuwa torki ni sawa pande zote, gurudumu la kulia nalo linapata N m 60 tu, ingawa lina ardhi nzuri ya kushika. Gari haliondoki. Krauni ikizunguka mara 300 kwa dakika na gurudumu la kulia likisimama kabisa, la kushoto litazunguka mara 600 kwa dakika.

Dereva anayeendelea kukanyaga mafuta katika hali hiyo anaumiza difu yake. Gia ndogo za ndani, ambazo kwenye barabara iliyonyooka karibu hazizunguki kwenye pini yake, sasa zinazunguka kwa kasi kubwa. Joto la msuguano linapanda, mafuta yanashindwa kulainisha, na pini inalika. Difu nyingi hufa hivyo, kwenye tope la masika, siyo kwenye lami.

4. Uwiano wa gia na swali la fundi

Uwiano wa gia ya mwisho hupatikana hivi:

Uwiano = meno ya krauni ÷ meno ya pinioni

Katika mada ya mashine, huu ndio uwiano wa kasi: gia inayosukumwa juu, gia inayosukuma chini.

Chukulia kwamba tumehesabu meno na kupata:

Giaboksi ya zamani (A): pinioni meno 17, krauni meno 68. Uwiano = 68 ÷ 17 = 4.00.
Giaboksi ya mtumba (B): pinioni meno 19, krauni meno 66. Uwiano = 66 ÷ 19 = 3.47.

Fundi anataka kutoa krauni na difu ya A na kuiweka ndani ya B. Pinioni ya B inabaki mahali pake. Yaani krauni ya meno 68 ikutane na pinioni ya meno 19.

Kipenyo cha gia hutegemea idadi ya meno na ukubwa wa jino. Gia mbili haziwezi kushikana kama ukubwa wa meno yake haulingani. Tuchukulie kuwa kila jino linaongeza mm 2.5 kwenye kipenyo. Umbali kati ya vitovu vya gia mbili zinazoshikana ni nusu ya jumla ya vipenyo vyake.

Jozi ya A: 2.5 × (17 + 68) ÷ 2 = mm 106.25.
Jozi ya B: 2.5 × (19 + 66) ÷ 2 = mm 106.25.

Sasa unaona kwa nini ganda moja liliweza kubeba jozi zote mbili: jumla ya meno ni 85 katika kila jozi. Mtengenezaji aliongeza meno mawili kwenye pinioni na kupunguza mawili kwenye krauni.

Jozi ya fundi: 2.5 × (19 + 68) ÷ 2 = mm 108.75.

Ganda lina nafasi ya mm 106.25, na gia hizi zinataka mm 108.75. Zinakosa mm 2.5. Difu haitakaa kwenye beringi zake. Ikilazimishwa kwa nyundo, ganda litapasuka au meno yatavunjika.

Je, ukifanya kinyume, pinioni ya 17 na krauni ya 66? Jumla ni 83, na umbali unaohitajika ni mm 103.75. Gia zitaingia kwa urahisi, na hapo ndipo hatari ilipo. Zimeachana kwa mm 2.5, meno yanagusana kwa ncha tu. Gari litaondoka, litavuma kama ndege, na meno yatakatika siku ya kupanda mlima.

Zingatia: Gia halisi za giaboksi zina meno ya mshazari ili zisipige kelele, hivyo hesabu kamili ya kiwandani ni ndefu kuliko hii. Hata hivyo, hitimisho halibadiliki: krauni na pinioni ni mke na mume, hubadilishwa kwa jozi, na jozi hiyo hutoka kwenye giaboksi moja.

5. Je, tukiiacha giaboksi B kama ilivyo?

Mwenye gari anaweza kusema, "Basi acheni difu ya B humo humo. Si inafanya kazi?" Ndiyo, gari litatembea. Lakini tuhesabu.

Mfano wa 3. Injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, giaboksi iko kwenye gia yenye uwiano wa 1.00, na kipenyo cha tairi ni m 0.6. Tafuta mwendo wa gari kwa uwiano wa (a) 4.00, (b) 3.47.

Suluhisho:
Mzingo wa tairi = 3.14 × 0.6 = m 1.884.

(a) Mizunguko ya gurudumu = 3,000 ÷ 4.00 = 750 kwa dakika.
Umbali kwa dakika = 750 × 1.884 = m 1,413.
Umbali kwa saa = 1,413 × 60 = m 84,780. Mwendo ni karibu km 84.8 kwa saa.

(b) Mizunguko ya gurudumu = 3,000 × 19 ÷ 66 = 863.6 kwa dakika.
Umbali kwa dakika = 863.6 × 1.884 = m 1,627.
Umbali kwa saa = karibu m 97,620. Mwendo ni karibu km 97.6 kwa saa.

Kwa mzunguko uleule wa injini, gari sasa linakwenda haraka zaidi kwa asilimia 15. Wapo watakaofurahi. Wasubiri mlima.

Mfano wa 4. Torki ya injini ni N m 120 na gia ya kwanza ina uwiano wa 2.8. Nusukipenyo cha tairi ni m 0.3. Gari pamoja na mizigo lina tungamo la kg 1,350. Barabara inapanda m 3 kwa kila m 10 za urefu wake. Ukiacha msuguano na msaada wa toki konveta, je, gari litapanda? (g = 10)

Suluhisho:
Kani inayolivuta gari kurudi chini = 1,350 × 10 × 3/10 = N 4,050.

Kwa uwiano wa 4.00:
Torki kwenye krauni = 120 × 2.8 × 4.00 = N m 1,344.
Kani kwenye magurudumu = 1,344 ÷ 0.3 = N 4,480. Ni kubwa kuliko 4,050, gari linapanda.

Kwa uwiano wa 66/19:
Torki = 120 × 2.8 × 66 ÷ 19 = karibu N m 1,167.
Kani = 1,167 ÷ 0.3 = N 3,890. Ni ndogo kuliko 4,050, gari halipandi.

Kwa kweli toki konveta itasaidia, na gari pengine litajikongoja. Lakini msaada huo hugharimu joto: mafuta yatachemka, na klachi za giaboksi iliyonunuliwa jana zitaanza kuungua kama zile za giaboksi ya kwanza. Mashine haitoi kitu bure. Ulichopata kwenye kasi umekilipia kwenye torki.

6. Spidomita inayodanganya

Katika magari mengi ya otomatiki, spidomita haipimi gurudumu moja kwa moja. Sensa hupima mzunguko wa sehemu fulani ya giaboksi, kisha kompyuta hukokotoa mwendo. Kama sensa iko kabla ya krauni, kompyuta bado inaamini kuwa uwiano ni 4.00.

Mfano wa 5. Dashibodi inaonyesha km 50 kwa saa. Mwendo halisi ni upi?

Suluhisho: Mwendo halisi = 50 × 4.00 ÷ 3.47 = karibu km 57.6 kwa saa.

Km 50 kwa saa ndiyo kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi nchini Tanzania. Dereva ataona amefuata sheria, ilhali tochi ya trafiki itamwona amevunja. Hilo la faini ni dogo. Kubwa ni nishati mwendo, ambayo hutegemea kipeo cha pili cha mwendo:

(57.6 ÷ 50)² = 1.152² = karibu 1.33

Mwendo umeongezeka kwa asilimia 15, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuiondoa imeongezeka kwa asilimia 33. Kama kani ya breki ni ileile, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki nao huongezeka kwa asilimia 33. Mahali gari lingesimama kwa m 15, sasa litahitaji karibu m 20. Mtoto anayevuka barabara kwenda shule hana habari na idadi ya meno ya krauni. Mita hizo tano ndizo zake.

Kama sensa iko kwenye difu yenyewe, spidomita itasema kweli. Lakini kompyuta inayolinganisha mzunguko wa kuingia na wa kutoka itaona hesabu hazikubaliani, na inaweza kuwasha taa ya hitilafu.

7. Ni lini kubadilisha difu ni sahihi?

Sasa tumjibu fundi kwa haki, maana wazo lake si baya kila mara.

Hali ya kwanza: giaboksi mbili zina uwiano sawa na idadi ya meno sawa, ila difu ya mtumba imelika. Hapa difu nzima ya zamani, pamoja na krauni yake, inaweza kuhamishwa, mradi meno ya krauni hayana kasoro.

Hali ya pili: uwiano wa giaboksi ya mtumba ni sahihi, lakini ekseli za gari haziingii kwenye difu yake kwa sababu splaini zina idadi tofauti ya meno. Hapa krauni ya giaboksi ya mtumba hufunguliwa na kufungwa kwenye kikombe cha difu ya zamani, ikiwa matundu ya bolti na beringi vinalingana. Krauni inabaki na pinioni yake. Kinachobadilika ni kikombe tu.

Hali ya tatu: uwiano ni tofauti, kama kwenye mfano wetu. Hapa ni lazima kuhamisha krauni na pinioni pamoja, na mara nyingi shafti nzima inayobeba pinioni. Ni kazi kubwa ya kufungua giaboksi yote. Kwa wengi ni nafuu kurudi dukani na kutafuta giaboksi yenye namba sahihi.

Kwa hiyo jibu kwa mzee wetu ni hili: usikubali difu ihamishwe, na usikubali giaboksi ifungwe kabla meno hayajahesabiwa. Kuhesabu meno 17 na 68 ni kazi ya dakika tano. Kama giaboksi haijafunguliwa, linganisha namba iliyogongwa kwenye kibati cha giaboksi.

8. Hatua za kazi na fizikia yake

(a) Usalama kwanza. Ondoa waya wa betri. Gari likae kwenye stendi imara, siyo kwenye jeki peke yake. Jeki hushikilia uzito kwa presha ya mafuta. Sili yake ikivuja, gari linashuka.

(b) Kukagua difu. Giaboksi ikiwa bado garini, inua magurudumu yote mawili ya mbele, weka stendi na kabari nyuma, zima injini na weka gia kwenye P. Krauni sasa imefungwa, N yake ni sifuri. Zungusha gurudumu la kushoto mbele: la kulia litarudi nyuma kwa mizunguko ileile, kwa sababu 0 = (N + N nyingine) ÷ 2. Ukisikia mikwaruzo au mikwamo, gia za ndani zina tatizo.

(c) Kukaza bolti za krauni. Hukazwa kwa kuvuka, bolti moja kisha ya upande wa pili, ili krauni ikae sawa. Torki yake hutoka kwenye mwongozo wa gari. Kama mwongozo unataka N m 80 na spana ina urefu wa m 0.4, kani ya mkono ni 80 ÷ 0.4 = N 200. Katika baadhi ya giaboksi bolti hizi hukazwa kwa kuzungusha kinyume na kawaida. Asiyejua hilo huzikata.

(d) Kupima mkazo wa beringi. Beringi za difu mara nyingi huwekewa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vyenye unene uliopimwa. Shimu nyembamba mno huiacha krauni icheze na kula meno. Shimu nene mno hubana beringi hadi ziungue. Njia moja ya kupima ni kuzungushia kamba kwenye difu na kuivuta polepole kwa mizani ya springi. Mizani ikisoma N 15 na nusukipenyo kikiwa m 0.05, torki ya kuzungusha ni 15 × 0.05 = N m 0.75. Thamani hiyo hulinganishwa na ya mwongozo.

(e) Kusafisha. Katika giaboksi nyingi za aina hii, difu na klachi hutumia mafuta yaleyale. Difu ikisagika, chembe za chuma husafiri hadi kwenye chujio, kwenye bomba za kupoza mafuta na kwenye vali ndogo zinazoamuru gia. Kuweka difu nzima bila kusafisha njia za mafuta ni kumvika mgonjwa shati jipya.

(f) Sili mpya na mafuta sahihi. Klachi za ndani zimebuniwa kwa msuguano wa mafuta ya aina moja. Tumia yale yaliyotajwa na mtengenezaji, na upime kiwango kama mwongozo unavyoelekeza.

9. Makosa yanayopoteza alama

• Kugeuza uwiano: kuandika 17/68 badala ya 68/17. Jiulize, gia ndogo inasukuma kubwa. Je, kubwa itazunguka polepole? Ndiyo. Basi uwiano ni zaidi ya 1.
• Kutumia kipenyo mahali pa nusukipenyo unapotafuta kani kutoka kwenye torki.
• Kusahau kuzidisha kwa 60 unapotoka kwenye dakika kwenda kwenye saa.
• Kusema difu hupeleka torki kubwa kwenye gurudumu lenye ardhi nzuri. Difu ya kawaida hugawa sawasawa.
• Kuchanganya uwiano wa kasi na manufaa ya mashine. Uwiano wa kasi hutokana na meno na haubadiliki. Manufaa ya mashine hupungua kwa msuguano, na ndiyo maana ufanisi huwa chini ya asilimia 100.

10. Maswali ya kujipima

1. Pinioni ina meno 18 na krauni meno 72. Pinioni inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Tafuta (a) uwiano, (b) mzunguko wa krauni.

2. Krauni inazunguka mara 250 kwa dakika. Gurudumu moja limesimama kwenye ardhi kavu, jingine linazunguka kwenye tope na kupokea torki ya N m 90. Tafuta (a) mzunguko wa gurudumu lililo kwenye tope, (b) torki ya gurudumu lililosimama.

3. Gari lenye uwiano wa 4.0 limewekewa jozi ya 4.4. Sensa iko kabla ya krauni. Dashibodi inaonyesha km 60 kwa saa. Tafuta mwendo halisi.

4. Torki ya injini ni N m 150, uwiano wa gia ni 2.5 na wa krauni ni 3.6. Ufanisi ni asilimia 90. Tafuta torki inayofika kwenye kila gurudumu.

5. Toa sababu mbili za kubadilisha krauni na pinioni kwa jozi.

Majibu

1. (a) 4, (b) mara 300 kwa dakika.
2. (a) mara 500 kwa dakika. (B) N m 90.
3. 60 × 4.0 ÷ 4.4 = karibu km 54.5 kwa saa.
4. 150 × 2.5 × 3.6 × 0.9 = N m 1,215; kila gurudumu N m 607.5.
5. Umbali wa vitovu ndani ya ganda haubadiliki, hivyo jumla ya vipenyo lazima ilingane nao. Na meno yaliyozoeana kwa msuguano hushikana vizuri kuliko meno ya gia mbili zisizojuana.

Kama umekosa swali la 2, rudi sehemu ya 3 kabla ya kuendelea. Kama umepata yote, funga kitabu, chukua karatasi tupu, na ueleze kwa maneno yako kwa nini fundi hawezi kuweka krauni ya meno 68 kwenye pinioni ya meno 19. Ukiweza kumweleza mtu ambaye hajasoma fizikia akakuelewa, umeiva kwa mtihani.